Kiwanja Kigamboni: Kabla Hujatoa Hela

(Haya ndiyo niliyoyasema kwenye kikao cha vijana wa wilaya Jumamosi iliyopita. Wengi mliomba maandishi, kwa hiyo nayaweka hapa kama nilivyoyatamka. Nimepunguza tu marudio.)



Katibu aliponipigia akasema, "Njoo uongee na vijana kuhusu sheria," nikamuuliza sheria gani. Akasema yoyote. Nimechagua ya ardhi, na sababu ni moja: nikiangalia humu ndani, robo tatu yenu mna kiwanja mnacholipia kidogo kidogo, au mnatafuta. Wengine mmekaa hapa na simu ya dalali inaita. Usipokee. Nisikilize kwanza nusu saa, kiwanja hakitakimbia. Kikikimbia, basi hakikuwa kiwanja.

Kwa nini Kigamboni? Kwa sababu ndiko tunakokwenda. Kijana wa Kariakoo, wa Temeke, wa Ilala, akipiga hesabu ya kujenga anakuta Sinza ni ndoto na Mbezi Beach ni hadithi. Anavuka maji. Pantoni shilingi 200, dakika chache uko Feri upande wa pili. Daraja la Nyerere lipo tangu Aprili 2016. Kibada, Gezaulole na Mwongozo kulipimwa ule mradi wa viwanja 20,000 miaka ya mwanzoni mwa 2000, ndiyo maana ukifika Kibada unaona mitaa imenyooka, gari la taka linapita na gari la zimamoto linaweza kugeuza. Ukisogea mbele zaidi, kuelekea Kisarawe II, Mwasonga, Kimbiji, ndiko wengi wetu hela yetu inakofika.

Mimi mwenyewe nimepanga chumba kimoja Tungi. Naamka saa kumi na moja kuwahi pantoni, nakijua kile kishindo cha watu geti likifunguliwa. Sisemi mambo niliyoyasoma kitabuni tu.

Sasa tupige hesabu. Tuna njia mbili za kupata nyumba: benki ikukopeshe, au ujenge mwenyewe tofali kwa tofali.

Ya benki. Hii nchi ilikuwa na Benki ya Nyumba, THB, ilianzishwa 1972, ikafa 1995. Baada ya hapo mwananchi alikaa miaka mingi hana pa kukopa nyumba. Mwaka 2008 Bunge likatunga sheria ya mikopo ya nyumba, mabenki yakarudi. Vizuri. Lakini riba? Benki Kuu yenyewe kwenye taarifa zake imewahi kusema riba ya mikopo hii inacheza kati ya asilimia 15 na 19. Tuchukue ile ya chini kabisa, 15. Ukope milioni 50, ulipe kwa miaka 15. Marejesho ni karibu laki saba kila mwezi. Mpaka unamaliza, umelipa karibu milioni 126. Nyumba moja umeinunua mara mbili na nusu.

Kima cha chini cha mshahara serikalini kilikuwa 370,000, kikapandishwa kuwa 500,000 kuanzia Julai 2025. Mtumishi wa kima hicho akitoa mshahara wake wote, asile, asivae, asipande daladala, bado hafikishi rejesho la mwezi. Na huyo ana ajira. Wewe wa bodaboda, wa duka la vipodozi, wa kuuza juisi, benki inataka karatasi ya mshahara ambayo huna.

Halafu kuna zile nyumba za "gharama nafuu". Mnaijua Dege. Nyumba zaidi ya 7,000 za mradi wa mfuko wa jamii, ujenzi ukasimama 2016, maghorofa yakabaki yanaangalia bahari. Hela ile ni michango ya wafanyakazi. Yaani mfanyakazi amekatwa mshahara, umejengwa mji usioisha, na yeye bado anapanga.

Kwa hiyo tunabaki na njia ya pili. Kiwanja kwanza, msingi mwaka huu, boma mwaka kesho, bati Mungu akijalia. Na kwa sababu ndiyo njia yetu, wezi wote wamehamia huko.

Hapa sasa niongee kama mwanafunzi wa sheria. Sikilizeni vizuri.

Kwanza, elewa unanunua nini. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya 1999, inasema ardhi yote ni ya umma, Rais anaishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Wewe unapata haki ya kuimiliki na kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99, kwa masharti, na kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Usipolipa, haki hiyo inaweza kufutwa. Kwa hiyo mtu akikuuzia, muulize risiti za kodi ya pango. Kama hajalipa miaka kumi, unanunua na deni lake.

Pili, kama ana hati, usiridhike kuiona. Hati inachapishwa hata stesheni za mtaani siku hizi. Chukua namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, nenda ofisi ya Msajili wa Hati ukafanye upekuzi rasmi. Lipia, upewe jibu kwa maandishi: mmiliki nani, kuna rehani ya benki, kuna zuio la mahakama? Dalali akisema "tukichelewa kuna mteja mwingine anatoka Mwanza", mwambie huyo wa Mwanza apewe, heri yake.

Tatu, kama hakijapimwa, nenda halmashauri, idara ya ardhi na mipango miji. Uliza eneo hili kwenye mchoro ni nini. Watu wamenunua "kiwanja" ambacho kwenye mchoro ni barabara, au shule, au eneo la wazi. Ukijenga juu ya barabara ya mchoro, siku ya greda hakuna wa kukutetea, hata mimi.

Nne, kila kitu kiandikwe. Kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi kinataka mkataba wa kuhamisha ardhi uwe wa maandishi. Neno la mdomo, hata mbele ya shehe na padri, mahakamani ni hewa. Lipa kwa benki ili kuwe na alama. Majirani wa pande zote nne waonyeshe mipaka na wasaini.

Tano, hizi kampuni za viwanja vya mkopo. Sizitaji na sisemi zote ni mbaya. Ila soma mkataba kabla ya kusaini. Shangazi yangu alilipa miezi 14 kati ya 18, akaugua, akakosa miezi miwili. Wakamwambia mkataba umevunjika, hela haidai. Alikuwa tayari kukubali, kwa sababu "nilisaini mwenyewe". Hapana. Sheria ya Mikataba, kifungu cha 74, inasema aliyevunjiwa mkataba anastahili fidia ya kiasi, hata kama mkataba umetaja adhabu kubwa zaidi. Tulimwandikia barua kwa msaada wa wakili wa kujitolea, na mpaka leo tunazungumza nao. Sijui itaishaje. Lakini kabla ya ile barua walikuwa hawapokei hata simu zake.

Kuna swali huwa naulizwa kila mahali: "Ile asilimia kumi ya mwenyekiti wa mtaa ni halali?" Nimeisoma Sheria ya Ardhi mbele nyuma, sijaona kifungu kinachompa mwenyekiti asilimia kumi ya bei ya kiwanja chako. Kama kuna aliyekiona, aniletee. Mwenyekiti anaweza kuwa shahidi, anaweza kukutambulisha. Muhuri wake haukupi umiliki. Watu wanauziana kwa muhuri wa mtaa, kiwanja kimoja, wanunuzi watatu, na mihuri yote mitatu ni ya ofisi ile ile. Na nasema hili bila kujali mwenyekiti anatoka chama gani. Akiwa wetu akachukua, tumwambie vilevile.

Dada zangu, hapa mnisikilize zaidi. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Ardhi kinasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Andika jina lako. Ukinunua na mwenzio, majina mawili yaingie. Na ukiwa umeolewa, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya familia. Kupika, kufua, kulea, ile ni hesabu. Na makaka, msinune. Mnunuzi asiyeuliza "mke wa muuzaji yuko wapi?" ndiye anayekuja kulia Baraza la Ardhi.

Na tukishafika huko kwenye mabaraza: tangu mabadiliko ya 2021, Baraza la Kata kazi yake ni kusuluhisha tu. Mkishindwa kupatana mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usilale. Madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12.

Sasa mtu atasema, "Kamanda, hizi ni tahadhari za mtu binafsi, siasa iko wapi?" Siasa ndiyo hii.

Mwaka 2008 serikali ilitangaza Mji Mpya wa Kigamboni. Michoro mizuri, maghorofa ya vioo. Wananchi wa kata zilizohusika wakaambiwa wasiendeleze maeneo yao, wasubiri. Mtu mwenye ufa ukutani haruhusiwi kuongeza chumba, hawezi kuuza kwa bei ya maana, benki haitaki kumsikia, na fidia hajalipwa. Miaka ikaenda. Wakala uliopewa kazi hiyo ukaja kufutwa. Mji wa vioo haukujengwa. Nani aliwalipa wale watu miaka yao?

Sheria ilikuwepo. Katiba, ibara ya 24, inalinda mali ya mtu na inataka fidia inayostahili. Sheria ya Ardhi inasema fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, kesi ya Akonaay, ilisema hata ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Maneno yote mazuri yameandikwa. Kilichokosekana ni watu wa kuyasimamia, na watu hao ndio sisi.

Angalieni na madaraja. Daraja la Tanzanite, 2022, anayekwenda Oysterbay anapita bure. Daraja la Nyerere, anayekwenda Kigamboni kulala kwenye boma lisilo na madirisha, gari lake linalipa. Anayepanda daladala analipa ndani ya nauli. Tunaambiwa ni kurudisha gharama. Sawa, lakini mbona gharama inarudishwa na maskini tu?

Na wapangaji je? Tulikuwa na Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984. Mwaka 2005 ikafutwa, na hakijawekwa kitu cha maana badala yake. Ndiyo maana mwenye nyumba anakwambia miezi sita, wakati mwingine mwaka mzima, kwa mkupuo, na dalali juu yake anataka ya mwezi mmoja. Kijana anakopa ili apange. Hela ambayo ingekuwa tofali inaishia kwa dalali.

Kwa hiyo nawaomba tukubaliane madai manne, tuyapeleke kwenye ilani na kwenye vikao vya kata.

Moja: upekuzi wa hati uwe rahisi, wa bei ndogo, mtu aufanye kwa simu kabla hajatoa shilingi. Mbili: michoro ya mipango miji ibandikwe kwenye kila ofisi ya mtaa, tuione kwa macho yetu. Tatu: sheria mpya ya upangaji, yenye ukomo wa kodi ya kulipa mbele. Nne: serikali ikitangaza kuchukua eneo, iwe na tarehe ya mwisho ya kulipa fidia, na ikipita, mtu awe huru kuendeleza kwake.

Wakati tunayapigania hayo, kila tawi lianze na jambo dogo. Tuwe na vijana wawili wanaojua njia ya kwenda kwa Msajili na njia ya kwenda halmashauri, wawasindikize wenzao. Nauli tuchangiane. Mimi Jumamosi zote mbili zijazo nipo ofisini kuanzia saa nne. Njoo na mkataba wako, hata kama umeshasaini. Hasa kama umeshasaini.

Na yule dalali, sasa mnaweza kumpigia. Muulizeni namba ya kiwanja na kitalu. Mtamsikia atakavyojibu.