Kabla ya Kutandika Mkeka wa Yoga

Leo nazungumza nawe uliyealikwa na jirani kwenye darasa la yoga, ukakubali, na sasa unajiuliza uvae nini na ubebe nini.

Yoga ilianzia India zamani sana, lakini siku hizi haiko mbali nasi. Africa Yoga Project ya Nairobi, iliyoanzishwa 2007, imefunza vijana kuwa walimu. Usidhani ni mambo ya watu wa Westlands peke yao.

Nianze na lililo zito. Mama mmoja wa kliniki yetu ya presha alikwenda darasa lake la kwanza bila kumwambia mwalimu kwamba anameza dawa. Aliona haya, kwani wenzake walikuwa vijana watupu. Walipoambiwa wainame, kichwa chini na makalio juu, naye akainama. Alipoinuka ghafla, ukumbi ukamzunguka, akaanguka na kuumia kifundo cha mkono. Baadhi ya dawa za presha humfanya mtu apate kizunguzungu akiinuka haraka. Mwalimu angejua, angempa zoezi jingine.

Kwa hivyo fika dakika 15 mapema, umwite mwalimu kando umweleze: presha, sukari, mimba, mgongo, goti, upasuaji wa juzi. Wengine si lazima wasikie. Kama presha yako haijatulia, au una presha ya macho, usikubali mikao ya kichwa chini. Mjamzito naye asilalie tumbo wala kujipinda kwa nguvu, na kabla ya kwenda amuulize muuguzi wake wa kliniki.

Mlo mzito uwe umepita muda wa saa 2 au 3. Githeri ya saa nane na darasa la saa tisa haviendi pamoja, na ukumbi mzima utajua! Lakini anayetumia insulini au tembe za sukari asiende na njaa. Ale kitu kidogo, na abebe glukosi au peremende.

Vaa nguo nyepesi zisizobana, na shati lisiloteremka usoni ukiinama. Dada anayejisitiri, suruali na blauzi ndefu zatosha. Viatu huachwa mlangoni, soksi pia, maana huteleza. Leso nayo huteleza kwenye saruji, kwa hivyo tafuta mkeka wa mpira, na ukiazima, ufute kabla ya kurudisha. Oga, ila manukato makali uyaache nyumbani. Watu wanavuta pumzi ndefu. Simu uizime kabisa.

Wengi huniuliza kama hiyo si ibada. Mwalimu akiunganisha viganja na kusema "namaste", hiyo ni salamu ya Kihindi. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Vilevile kama hupendi kushikwa unaponyooshwa, mwambie mapema.

Mwishoni watu hulala chali, kimya, dakika 5 hadi 10. Usiwaruke wenzako kukimbilia matatu. Mjamzito mwenye tumbo kubwa alale ubavu. Na kuinuka ni polepole: geuka ubavu, keti kidogo, ndipo usimame. Yule mama sasa hufanya hivyo. Amerudi darasani, na mkeka wake huutandika karibu na ukuta.