Chanjo ya Virusi vya Rota na Haki ya Mzazi Kuelezwa Ukweli

Chanjo ya kwanza dhidi ya virusi vya rota, ambavyo husababisha kuhara kukali kwa watoto wachanga, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1998 kwa jina la RotaShield. Kufikia Julai 1999, mfumo wa kupokea taarifa za madhara ya chanjo ulikuwa umepokea taarifa 15 za watoto waliochanjwa ambao utumbo wao uliziba kwa sababu sehemu yake moja iliingia ndani ya nyingine. Taarifa hizo pekee hazikuwa ushahidi kamili, kwani tatizo hilo huwapata pia watoto wasiochanjwa, lakini zilitosha kusimamisha matumizi ya chanjo hiyo, na uchunguzi uliofuata ukakadiria kuwa hatari iliyoongezeka ilikuwa ya takriban mtoto 1 kati ya 10,000. Chanjo iliondolewa sokoni mwaka huohuo, na huo ndio usimamizi ambao umma unastahili kuufahamu.

Chanjo mbili zilizofuata zilijaribiwa kila moja kwa watoto zaidi ya 60,000, idadi kubwa iliyochaguliwa makusudi ili madhara adimu yaweze kuonekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kutoka nchi 7 za Afrika, zikiwemo Kenya na Tanzania, haukuona ongezeko la kuziba kwa utumbo baada ya chanjo iliyotumika huko wakati huo. Hata hivyo, kwa kuwa ongezeko dogo limeonekana kwingineko, mzazi aelezwe dalili za tatizo hilo, yaani kulia kwa vipindi, kutapika na choo chenye damu, na ahimizwe kumwahisha mtoto hospitalini.