Tusizike Lugha za Wazee Wetu

(Maneno ya karani mmoja wa mgodi mbele ya wafanyakazi na wakaaji wa Kikula)



Nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Mwaka jana nkambo wangu aliletwa mjini kutoka mukini, mgonjwa. Mimi nilikuwa kazini, basi binti yangu wa miaka 12 ndiye aliyekaa naye hospitalini. Muuguzi akauliza: anaumwa wapi? Nkambo akajibu kwa Kisanga, akaeleza sana, na mikono pia. Mtoto akamtazama tu. Wakaningoja mpaka jioni.

Nani aliyemnyima mtoto yule lugha? Ni mimi. Katika shule niliyosoma, aliyesema lugha ya nyumbani alifungwa kibao shingoni, akakivaa mpaka akamate mwenzake. Nilipozaa nikaapa kwamba wangu hatavaa kibao kile. Nikamsemesha Kiswahili, na Kifaransa kidogo cha kujivunia mbele ya wageni.

Tusidanganyane, wandugu: Kiswahili si adui wetu. Union Minière iliyoanzishwa mwaka 1906 ilitafuta watu mbali, Lomami, Rwanda na Burundi, hata Rhodesia ya Kaskazini. Tangu miaka ya 1920 ya mwisho ikawaacha wakae na wake zao kambini. Watu wale wangesikilizanaje shimoni na kwenye tanuru? Kwa Kiswahili. Watoto wao waliozaliwa hapa, mji ulipoitwa bado Jadotville, walikinyonya pamoja na maziwa. Ninyi mnaonisikiliza ni wajukuu wao, na mimi ninasema nanyi kwa lugha hiyo hiyo.

Lakini kuna wenye akili wanaosema: acheni lugha za kabila zife, na ukabila utakufa pamoja nazo. Mimi ninawajibu: kumbukeni stesheni ya Likasi. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa nyumbani mwao, wakalala pale kwa maelfu wakingoja treni, na wengine wakafa wakingoja. Wengi wa watoto wao walizaliwa Katanga hii, wakalia kwa Kiswahili kama chetu. Wengine Tshiluba hawakukijua vizuri. Je, aliyewafukuza aliuliza wanasema lugha gani? Mtu anaweza kupoteza lugha yake yote, na jina la kabila likabaki mgongoni mwake.

Tazameni pia Wayeke. Msiri alikuja kutoka Unyamwezi katikati ya karne ya 19, akajenga Bunkeya, akatawala nchi kubwa mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Ufalme wa namna ile! Lakini watu wake walioa wanawake wa hapa, na mtoto hushika maneno ya jikoni kabla ya maneno ya baraza. Leo Wayeke wengi husema Kisanga na Kiswahili. Kiyeke kimebaki kwa wachache. Hakuna askari aliyekipiga marufuku. Kilitoka polepole kwa mlango wa nyumba.

Na sasa Kisanga chenyewe kinapita mlango huo huo hapa mjini. Kikaonde na Kilamba vile vile. Katiba ya 2006, katika kifungu cha kwanza kabisa, inasema kwamba serikali italinda lugha zote za nchi. Maneno mazuri, lakini Katiba hailali nyumbani kwako, haimwiti mtoto wako kula.

Wengine watasema: mke wangu ni wa kabila lingine, tutafanyaje? Hata kwangu ni hivyo. Mama watoto ni Muluba. Tumepatana hivi: yeye Kiluba, mimi Kisanga, na mbele ya jirani sote Kiswahili. Lugha hizo mbili ni ndugu, mtoto hapotei sana. Siku za kwanza alinuna, akajibu kila kitu kwa Kiswahili. Hatukumpiga, wala hatukumfunga kibao.

Nkambo angali kwetu. Juzi usiku alikohoa, na binti yangu akaamka mbele yangu, akamuuliza kwa Kisanga anaumwa wapi. Nkambo alicheka kwanza, kwa namna mtoto alivyolitamka neno. Kisha akamjibu.