Fikira Zisizoalikwa

Yuko mtu ambaye kila alfajiri hutia udhu, akashuku kwamba maji hayakufika kiwikoni, akaanza upya, akashuku tena, hata jamaa zake wakaisha kusali na kutawanyika naye yungali birikani, mikono imemchubuka. Na yuko msichana ambaye, tonge likaribiapo kinywa, husikia moyoni hukumu kwamba kula ni fedheha na kwamba thamani yake yote imo katika wembamba wa kiuno.

Hunihuzunisha mno kusikia wawili hawa wakiambiwa na watu wao kwamba wamepungukiwa imani. Kumbe Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, alipoandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, aliutengea wasiwasi wa moyo mlango wake, akaueleza pamoja na tiba yake.

Wala fikira yenyewe si hatia. Mwaka 1978 Rachman na de Silva, mabingwa wa elimu ya nafsi huko London, walibainisha kwamba walio wengi katika watu wenye afya hupitiwa na fikira zile zile za kuchukiza zinazomtesa mgonjwa. Lakini mwenye afya huziacha zipite, na mgonjwa, kwa itikadi iliyokwisha kuota mizizi kwamba kuwaza uovu ni sawasawa na kuutenda, huzijibu kwa kuosha, kuhesabu au kujinyima, akapata faraja ya dakika chache ambayo ndiyo inayoirutubisha itikadi ile.

Kwa mwenye kujinyima chakula liko jambo zito zaidi, nalo nataka lisikiwe na kila mzazi: njaa nayo huzaa fikira. Kati ya 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, wenye siha na akili timamu, kwa karibu miezi sita. Wakawa hawana mazungumzo ila ya chakula, wakisoma vitabu vya mapishi na kuikawiza sahani moja muda mrefu ajabu. Basi kumhoji binti juu ya sura yake kabla hajalishwa ni kuhojiana na njaa.

Tiba ipo. Mwaka 1966 Victor Meyer, bingwa wa elimu ya nafsi huko London, alieleza jinsi wagonjwa wa wasiwasi walivyokikabili wanachokihofu pasipo kuruhusiwa kuosha, hofu ikapanda, kisha ikashuka yenyewe. Nasi jamaa zao tuache kuwapa yakini wanayoiomba kila saa, maana nayo huulisha wasiwasi. Tukae nao hofu inapopanda, na tuwafikishe mapema kwa tabibu wa nafsi, hasa yule asiyekula, kwa kuwa moyo wake waweza kusimama kabla fikira zake hazijatulia.