Kilinde kitalu na jua la mchana

Leo tuzungumze juu ya miche michanga.

Wengi husema: "Mbegu tulizopewa ni mbovu. Ziliota vizuri, siku ya tatu zikalala chini." Mara nyingi mbegu ni nzima. Kinachoua ni udongo wa kitalu, unaochoma mchana na kupoa sana usiku.

Hapa Imbo, wakati wa kiangazi, asubuhi mtu anatafuta kitenge cha kujifunika. Saa saba mchana, udongo huo huo unachoma nyayo. Hewa ikiwa digrii 30, udongo ulio wazi unaweza kupita 40. Mti mkubwa hauhangaiki, mizizi yake iko chini kwenye ubaridi. Mche wa nyanya una shina kama uzi na mizizi yake iko juu juu. Unaungua pale unapotokea ardhini, unaanguka.

Mbegu nazo zina tabia zao. Nyanya hupenda digrii 20 hadi 30. Saladi, joto likizidi 30, hugoma kuota. Lengalenga huvumilia zaidi.

Tufanye nini? Ukishasia, funika kitalu kwa majani makavu. Miche ikianza kuchomoza, yaondoe jioni ile ile, isije ikarefuka na kudhoofika. Kisha simika vijiti, weka juu makuti ya mchikichi, kimo cha mita moja. Upande wa mashariki uache wazi, jua la asubuhi liingie.

Mwagilia asubuhi mapema. Ukilowesha sana jioni, miche inalala kwenye ubaridi na maji, na hapo ndipo ugonjwa wa kinyausi unapoingia: shina linaoza chini. Maji yaliyoshinda juani ndani ya bido yaache yapoe kwanza.

Wiki moja kabla ya kupandikiza, punguza makuti kidogo kidogo, mche uzoee jua. Pandikiza jioni.

Mama, baba, pakiti ya mbegu ni ndogo, na miche ikifa, nyanya utazinunua sokoni kwa pesa ya unga. Kesho saa saba weka kiganja juu ya kitalu chako. Kama mkono hauvumilii, mche nao hauvumilii. Kata makuti siku hiyo hiyo.