Mtoa Habari Wetu na Simu Zetu: Mada kwa Semina ya Wahariri

Mada hii ni maoni yangu, si msimamo wa taasisi iliyonituma.

Waandaaji waliniomba nieleze maana ya uandishi wa kidijitali na uhuru wa habari. Humu ukumbini ni wahariri watupu, kwa hiyo sitawachosha. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania, ya uhuru wa maoni, mnaijua, Azimio la Windhoek la mwaka 1991 kuhusu uhuru wa vyombo vya habari tunalisikia kila Mei 3, na kwamba Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2018 zilimdai mwenye blogu leseni ya shilingi milioni moja kwa mwaka, hilo nalo limeshajadiliwa mno.

Kero yangu ni mtoa habari.

Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinampa mkuu wa kituo cha polisi mamlaka ya kumwamuru yeyote atoe data inayohitajika katika upelelezi. Mkuu wa kituo, si hakimu. Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la Jamii Forums alikamatwa Desemba 2016 kwa kutotoa taarifa za wachangiaji wake. Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani kwa kuzuia upelelezi: faini ya shilingi milioni 3 au jela mwaka mmoja. Sina ugomvi na upelelezi wa makosa ya kweli. Ila ahadi ya mwandishi kwa mtoa habari haiwezi kuvunjwa kwa barua ya kituo.

Hata hivyo, mara nyingi polisi hawahitaji barua. Tunawauza watu wetu sisi wenyewe. Tuseme muuguzi wa hospitali ya wilaya anampigia mwandishi kuhusu bohari tupu ya dawa. Laini yake imesajiliwa kwa alama za vidole, na kampuni ya simu inajua kampigia nani, saa ngapi, kupitia mnara upi. Wakihamia WhatsApp baadaye, ile simu ya kwanza haifutiki. Muuguzi anatuma picha kama dokumenti ili isipungue ubora. Inakuja na taarifa za aina ya simu, saa, na mahali kama lokesheni iliwashwa. Mwandishi anapiga skrinishoti na kuitupa kwenye grupu la chumba cha habari, ambamo hata walioacha kazi bado wamo. Juu kabisa linasomeka jina alilomhifadhia: "Sista Bohari". Kila nikilisema hili naambiwa litafanyiwa kazi.

Napendekeza kifungu cha 32 kirekebishwe, amri ya kutoa data itolewe na mahakama tu. Kila chombo kiwe na sera ya maandishi ya kumlinda mtoa habari, na mhariri ndiye awajibike. Picha zisafishwe taarifa zake kabla ya kurushwa. Majina ya watoa habari yasihifadhiwe kwenye simu kwa namna inayowatambulisha. Wamiliki wagharamie mwanasheria, hasa kwa waandishi wa mikoani wanaolipwa kwa habari moja moja, maana wao ndio huitwa kituoni peke yao. Narudia: amri itoke kwa hakimu. Na sera iandikwe. Ya mdomo tumekuwa nayo siku zote.

La mwisho halihitaji Bunge wala bajeti: kabla ya chakula cha mchana, kila mhariri afungue grupu lake na kuwaondoa walioacha kazi.