Yowe la Ziba halina dhehebu

Ukiibiwa ng'ombe usiku kule Ziba, wilayani Igunga, huanzi kwa padri wala kwa shehe. Unapiga yowe. Jirani anayelisikia akajifunika blanketi, kesho atalipa faini. Ndivyo sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walivyofanya kazi tangu walipoibuka Unyamwezini na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, kukabili wezi wa mifugo. Mkaidi alitengwa: hapewi moto, hasalimiwi kisimani, msibani kwake haendi mtu.

Basi anayedai kuwa pasipo dini hakuna maadili, ana swali la kujibu. Njia ya misafara iliyopita Tabora inamwongezea jingine. Katika karne ya 19 watumwa waliuzwa na watu walioshika swala tano, na pembe za ndovu zikanunuliwa na Wakristo wa Ulaya na Marekani.

Lakini tusiwapambe sungusungu. Nao walikuwa na dawa na waganga wao, na imani hiyo hiyo ya dawa iliwageukia vikongwe waliotuhumiwa uchawi kwa macho yao mekundu. Nionavyo mimi, hapo kilichokosekana ni ushahidi, na mtu mmoja wa kusema kwamba macho ya bibi yule ni mekundu kwa moshi wa jikoni.